Mama kawekewa goti bandia, wiki ya tano bado halikunji: tumlazimishe mazoezi au tumwache apumzike?

"Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 71, amebadilishwa goti la kulia na hii ni wiki ya tano. Kidonda kimefunga vizuri lakini goti bado limevimba na ukiligusa lina joto. Fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) alipima mara ya mwisho akasema linakunja digrii 75 tu, na kunyooka halinyooki lote, limebakiza kama 15. Kutwa anakaa kwenye kiti na mto chini ya goti maana ndipo anapopata nafuu, usiku halali, dawa za maumivu anameza nusu nusu anaogopa kuzizoea. Mamdogo anasema tumwache, mazoezi yatalegeza chuma. Kuna rafiki wa mama alibadilishwa nyonga, wiki ya nne anatembea kama hakufanyiwa kitu, sasa mama analia anasema bora angebaki na goti lake bovu. Kaka juzi alijaribu kulikunja kwa nguvu, mama akapiga ukelele tukaacha. Pia upande wa nje wa goti hana hisia, na akitembea linalia ka-ka-ka. Je operesheni imefeli? Tumlazimishe au tumwache?"

Marahaba mwanangu, na mpe mama pole nyingi. Kwa hayo uliyoandika sioni dalili kwamba operesheni imefeli. Lakini mama yuko nyuma kidogo ya pale anapotakiwa kuwa, na hapa nisikudanganye, muda wa kulifungua goti hilo kirahisi unahesabika kwa wiki. Kumwacha apumzike kama anavyotaka mamdogo kutamwumiza, na alichofanya kaka nacho kitamwumiza kwa njia nyingine. Ngoja nieleze kwa nini, halafu tuone mnaanzia wapi leo hii.

Tuanze na la chuma kulegea maana hilo ndilo linalowafunga mikono. Watu wakisikia "kubadilishwa goti" wanadhani goti zima limetolewa likawekwa la mashine. Hapana. Daktari anakwangua uso wa mifupa ulioharibika, kwenye mfupa wa chini ni tabaka la milimita 8 mpaka 10 hivi, halafu anauvalisha chuma, kama jino linavyovalishwa kofia, na katikati anaweka plastiki ngumu sana ili chuma na chuma visisagane. Mara nyingi chuma kinagandishwa na simenti maalum ya mifupa, na simenti hiyo inakauka ndani ya robo saa hivi, mgonjwa akiwa bado mezani hajaamka. Kwa hiyo wakati mama anarudishwa wodini chuma kilishashika tayari, ndio maana walimwinua kitandani siku ile ile au kesho yake wakamwambia akanyage. Zipo aina zisizotumia simenti, mfupa ndio unaota taratibu kuingia kwenye chuma, na hata hizo kwa kawaida mtu anaruhusiwa kukanyaga tangu mwanzo. Kukunja na kunyoosha goti hakulegezi chuma. Kinacholegeza ni miaka mingi ya kusagika, au maambukizi, au kuanguka vibaya. Na hiyo miaka ni mingi kweli, uchambuzi mmoja mkubwa wa kumbukumbu za wagonjwa uliotoka 2019 ulionyesha kwamba magoti bandia kama 82 kati ya 100 yanafika miaka 25 bila kuhitaji kubadilishwa. Mamdogo anaogopa kitu ambacho kwa umri wa mama kina uwezekano mdogo sana, na wakati huo huo kile chenye uwezekano mkubwa, yaani goti kukakamaa, kinaendelea taratibu kwenye kile kiti.

Sasa kinachomchelewesha ni nini. Ni vitu viwili vinavyosaidiana kwa ubaya: uvimbe na msuli wa mbele wa paja. Goti likijaa maji, neva za ndani ya kiungo zinapeleka habari kwenye uti wa mgongo kwamba huku kuna hatari, na uti wa mgongo unapunguza amri zinazokwenda kwenye msuli wa paja. Msuli upo, mzima, ila umezimwa. Ndani ya mwezi wa kwanza baada ya operesheni hii msuli huo unapoteza nusu ya nguvu zake au zaidi, na sehemu kubwa ni hiyo ya kuzimwa, sio nyama kuisha. Jaribuni hivi: mama akae kitandani miguu imenyooka, weka kiganja chako chini ya goti lililofanyiwa operesheni, mwambie akandamize kiganja chako kitandani kwa nguvu zote. Halafu fanya na mguu mzima. Ule mzima utakubana mkono kweli, na juu ya pia ya goti utaona nyama inakaza ikawa ngumu. Ule mwingine utasikia kama amekugusa tu na nyama inatetemeka kidogo, wakati yeye anakwambia anasukuma mpaka jasho. Anasema kweli. Watu wa nyumbani wanaona mvivu au muoga, kumbe amri haifiki.

Msuli usipofanya kazi mguu hautembei, usipotembea uvimbe hauondoki, uvimbe usipoondoka msuli hauwashwi. Na wakati huo ndani ya goti kovu linajengeka. Kila anayefanyiwa operesheni hii anapata kovu la ndani, hilo halizuiliki, kinachotofautiana ni kovu limekuta goti linacheza au limetulia. Likikuta limetulia linagundisha tishu pale pale zilipokaa.

Ndio sababu nimeshtuka na ule mto kuliko kitu kingine chochote ulichoandika. Ni kweli goti lililovimba linapata nafuu likikunjwa kidogo, maana nafasi ya ndani inapanuka na shinikizo linapungua, kwa hiyo mama hadanganyi anaposema ndipo anaposikia raha. Ila anafundisha goti lake kubaki hapo, na zile digrii 15 za kutonyooka naona zinatoka kwenye huo mto kwa kiasi kikubwa. Watu wote wanahangaika na kukunja, sisi tunaoshinda na magoti haya tunahangaika zaidi na kunyoosha. Mtu anayekunja 95 lakini ananyooka vizuri anaishi maisha yake karibu yote. Mtu asiyenyooka anatembea amechuchumaa kidogo kila hatua, msuli wa paja haupumziki, kiuno kinauma, mguu mmoja unakuwa kama mfupi. Mto uondoke leo. Akitaka kuinua mguu, ainue ukiwa umenyooka, mto ukae chini ya kigimbi na kifundo, goti lenyewe chini yake pawe wazi, na mguu uwe juu kuliko moyo, maana yake alale chali, sio akae kwenye kiti.

Dawa nazo. Nusu kidonge ndio inayomzuia kufanya mazoezi, na ndio inayomkesha. Maumivu nayo yenyewe yanazima ule msuli, kwa hiyo mtu anayevumilia kiume anajichelewesha mwenyewe bila kujua. Hofu ya kuzoea ina msingi kwa aina moja tu ya dawa, zile kali za jamii ya morphine na tramadol, na hizo kwa umri wake kwanza zinaleta kuchanganyikiwa, kizunguzungu na choo kigumu, hivyo zinatumika kwa muda mfupi na kupunguzwa taratibu kwa mpango wa daktari. Paracetamol haizoeshi. Ile inafanya kazi vizuri ikinywewa kwa saa zake kama ilivyoandikwa, sio mpaka maumivu yapande ndio aitafute. Dawa za kupunguza uvimbe kama ibuprofen na diclofenac zinasaidia sana magoti haya, ila kwa mtu wa miaka 71 sitaki mmpe kwa uamuzi wenu: kama figo zake sio nzuri, ana presha, aliwahi kuwa na vidonda vya tumbo, au bado anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, zinaweza kumletea balaa. Muulizeni daktari wake jambo hili moja kwa moja. Na ninyi mpange dozi iingie kama dakika 45 kabla ya mazoezi, utaona tofauti siku hiyo hiyo. Kama alipewa dawa ya kuzuia damu kuganda amalize kama alivyoandikiwa, asikatishe kwa sababu anajisikia vizuri.

Barafu ni dawa ya bei rahisi kuliko zote na watu wanaidharau. Izungushie taulo, dakika 15 mpaka 20, baada ya kila zoezi. Kwa kuwa sehemu ya ngozi yake haina hisia, inueni taulo mara moja moja mtazame ngozi isije ikaungua na baridi bila yeye kusikia.

Mazoezi yenyewe sasa, na nitataja machache tu maana orodha ndefu hakuna anayeifanya. La kunyoosha: alale au akae mguu mbele, kisigino kiegemee kwenye taulo lililokunjwa ili goti lining'inie halijagusa kitu, halafu asifanye chochote. Uzito wa mguu wenyewe unashuka na kulinyoosha. Aanze dakika 3, apande mpaka 10, mara kadhaa kwa siku. Inauma kwa namna ya kuchosha, atalalamika, ni kawaida. Akiwa hapo hapo akaze paja kama anakandamiza goti kitandani, ashike kwa sekunde 5, aachie, arudie mara kumi, ndio namna ya kuuwasha ule msuli uliozimwa.

La kukunja: akae kwenye kiti kigumu kisichoteleza, mguu ulioumwa uwe na soksi ili uteleze sakafuni. Auvute nyuma chini ya kiti mpaka pale anaposikia kukaza, atulie hapo apumue. Halafu, na hapa ndipo ujanja ulipo, mguu ubaki pale pale ulipo na yeye asogeze makalio mbele kidogo kwenye kiti. Goti litakunja zaidi bila mtu yeyote kulishika. Ashike sekunde 10 au 15, arudi nyuma, arudie. Akitaka kuongeza, mguu mzima unapita mbele ya kifundo cha ule mwingine na kuusukuma nyuma polepole. Yeye ndiye anayeshika usukani, akitaka kuacha anaacha, na ubongo ukijua hivyo msuli unakubali kulegea.

Hiyo ndiyo tofauti na alichofanya kaka. Mtu mwingine akikushika goti na kulisukuma, mwili unajihami, misuli yote inakaza kupinga, kaka anasukuma zaidi, na mwisho tishu ndani zinachanika vipande vidogo vidogo na kuvuja damu, kesho goti limevimba zaidi na ile kazi ya wiki nzima imepotea. Halafu mama naye kuanzia siku hiyo akimwona kaka anakaribia anakaza mguu kabla hajaguswa. Mwambie kaka asijisikie vibaya, kila familia ina mtu wa hivyo, ila mpeni kazi nyingine: awe anakumbusha saa za dawa, analeta barafu, anahesabu sekunde kwa sauti.

Fanyeni kidogo kidogo mara nyingi, dakika 5 au 10 mara tano sita kwa siku, kuliko saa nzima asubuhi halafu kutwa kwenye kiti. Na kipimo cha kama mmezidisha ni asubuhi ya siku inayofuata. Maumivu wakati wa zoezi yakitulia ndani ya saa moja hivi, sawa. Akiamka goti limejaa na linauma kuliko jana, punguzeni siku hiyo nusu, msiache kabisa. Wengine wanakimbilia kutembea tu, mama kazunguka nyumba mara ishirini basi wanaona amefanya mazoezi. Kutembea ni kuzuri kwa damu na mapafu na moyo wa mtu, lakini kunatumia zile digrii ulizonazo, hakuongezi mpya, na kukizidi kunavimbisha. Akitembea, fimbo ishikwe mkono wa kushoto, upande wa pili wa goti lililofanyiwa. Ngazi, mguu mzima unatangulia kupanda, ule wa operesheni unatangulia kushuka.

Huyo rafiki wa nyonga mwondoeni kwenye mazungumzo kabisa jamani. Nyonga ni mpira ndani ya kikombe, imefunikwa na nyama nyingi, haihitaji kukunjwa kwa nguvu ili irudi, na wengi wanatembea vizuri mapema mno. Mtihani wake ni mwingine, wengi wao wanakatazwa kwa wiki kadhaa wasikae viti vifupi, wasipinde kiuno kupita kiasi wala kukunja nne, isije ikachomoka. Goti liko karibu na ngozi, nyama chache, linategemea kano na misuli kwa kila kitu, na kupona kwake kunauma na kunachukua muda. Ukichukua watu wawili wenye umri sawa, wa goti karibu siku zote anabaki nyuma ya wa nyonga miezi ya mwanzo.

Kuhusu zile digrii 75. Sifuri ni mguu ulionyooka kabisa, 90 ni kama umekaa kitako kwenye kiti vizuri. Kutembea sehemu tambarare kunataka kama 65 mpaka 70, ngazi zinataka 85 na kuendelea, kuinuka kwenye kiti cha kawaida bila kujisukuma na mikono ni 95 hivi. Madaktari wengi wanapenda kuona 90 ikifika wiki ya sita. Kwa hiyo mama hajapotea, ila hana wiki za kuchezea. Kitu kimoja hukuniambia: kabla ya operesheni goti lilikuwa linakunja kiasi gani? Kama kwa miaka lilikuwa linaishia 85, msitegemee 120, maana goti bandia linaondoa maumivu vizuri sana lakini uwezo wa kukunja unafuata sana ule wa kabla.

Ikitokea mmefanya haya yote kwa bidii na wiki ya nane au ya kumi bado hajafika 90, kuna kitu daktari anaweza kupendekeza. Anampiga nusukaputi, misuli ikiwa imelala kabisa anakunja goti taratibu mpaka yale makovu yanaachia. Hakuna kukata, ni dakika chache, na wengi wanarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ina hatari ndogo ya kuvunja mfupa au kuvujisha damu ndani, na haina faida kabisa kama mazoezi hayataanza siku ile ile. Lakini inafanya kazi vizuri zaidi ndani ya miezi mitatu hivi ya mwanzo, kovu likiwa bado changa. Likishakuwa gumu inabidi kuingia na vifaa kulikata, na matokeo hayana uhakika sana. Ndio maana nasema wiki zinahesabika. Msiende kumwona daktari mwezi wa sita baada ya operesheni mkasema "tulikuwa tunasubiri litalegea lenyewe".

Haya mengine uliyotaja ni ya kawaida. Joto na uvimbe vinaweza kukaa miezi mitatu mpaka sita, wengine hata zaidi, hasa jioni. Kukosa hisia upande wa nje ni kwa sababu kuna tawi dogo la neva ya ngozi linapita pale pale kisu kinapopita, linakatwa karibu kila mara, eneo litapungua na miezi lakini huenda kipande kikabaki hivyo, hakizuii kitu. Ka-ka-ka ni chuma kugusa plastiki, kadiri msuli utakavyokaza ndivyo mlio utakavyopungua. Usiku kutolala vizuri wiki hizi ni lalamiko la karibu kila mgonjwa wangu wa goti, dozi ya dawa kabla ya kulala na barafu vinasaidia, na mchana asilale saa ndefu.

Na hilo la "bora ningebaki na goti langu", wiki ya tatu mpaka ya sita nalisikia sana, kwa sababu maumivu ya zamani ameshayasahau na nafuu bado haijafika. Nafuu kubwa inakuja kufikia mwezi wa tatu baada ya operesheni na inaendelea mpaka mwaka. Ila sitakuahidi kila kitu, kati ya watu watano mmoja hivi anabaki na maumivu fulani au hajaridhika hata baada ya mwaka, hata eksirei ikionyesha kila kitu kiko sawa. Kama mama anakataa kula, hataki kuongea na mtu, analia kila siku, mwambieni daktari na hilo pia, kwa wazee huzuni baada ya operesheni inatibika na inachelewesha goti kuliko mnavyofikiri.

Mambo ya kwenda hospitali leo, sio kesho: kigimbi kuvimba na kuuma upande mmoja kupita ulivyozoea, na ikiwa kifua kinauma au pumzi inakatika ghafla basi ni dharura, donge la damu linaweza kuwa limepanda kwenye mapafu. Homa na kutetemeka, wekundu unaotambaa, kidonda kuanza kutoa maji au usaha, au maumivu yaliyokuwa yanashuka yakageuka kupanda hata akiwa amepumzika. Kuanguka, halafu akawa hawezi kabisa kuinua mguu ukiwa umenyooka. Kuchanganyikiwa kwa ghafla. Na ikishukiwa kwamba goti limeingia wadudu, msikubali kuanzishiwa antibaiotiki mtaani au kliniki yoyote tu, labda kama hali yake ni mbaya sana. Arudi kwa waliomfanyia wavute maji ya goti kwanza wayapime, maana ukishameza dawa kabla, kipimo kinaweza kukosa kuonyesha mdudu gani, na kumtibu inakuwa kazi ngumu.

Kama hana hayo, wiki ijayo ndiyo ya sita na bila shaka ana kliniki. Msiisubiri kwa kukaa, anzeni leo jioni na taulo chini ya kisigino. Siku ya kliniki nendeni na karatasi yenye dawa zote anazotumia na kiasi anachokunywa kweli, sio kilichoandikwa kwenye pakiti. Ombeni wampime kwa kile kipimo cha digrii, kunyooka na kukunja, mwandike namba zote mbili, na muulize mambo mawili kabla hamjaondoka: anaweza kupata fizio angalau mara mbili kwa wiki kwa wiki sita zijazo, na namba zisipopanda wanataka kumwona tena tarehe gani.